Mjomba, Usiniulize Inakimbia Kasi Gani

Mjomba wangu wa Kilifi alinitumia video ya sekunde 40. Spidiboti nyeupe, futi 30 na ushee, imekaa juu ya trela kwenye yadi fulani. Injini mbili za V8 zinaguruma mpaka spika ya simu inakwaruza. Chini yake ameandika: "Mpwa, wewe mtu wa mashine. Muuzaji asema yapiga maili 70 kwa saa. Nimpe pesa?"

Pesa yenyewe ni kiinua mgongo. Mzee amefanya kazi hotelini tangu mimi sijazaliwa, amestaafu, na anataka kupeleka wageni kuvua samaki wakubwa nje ya mwamba. Nje ya mwamba, wasee. Kama umewahi kutoka pale mlangoni wakati wa Kusi unajua kule si mahali pa kupiga selfie.

Nikamjibu: "Shikamoo mjomba. Achana na hiyo sauti. Nipigie picha ya nyuma."

Picha ikaja. Nyuma ya boti kulikuwa na miguu miwili ya chuma, mmoja kwa kila injini, kila mguu na propela yake. Hizo ndizo draivu za tezi. (Tulia. Tezi hapa si ile ya hospitali. Kwa mabaharia tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele. Kiswahili kilikuwa baharini kabla ya kuja Nairobi.) Nikakaa chini nikamwandikia mjomba historia ndefu kuliko alivyotaka. Hii hapa, nimeisafisha kidogo. Mimi si fundi. Mimi ni msee wa Nairobi anayesoma historia za mashine usiku. Lakini kwa hii kitu naona historia inajibu swali lake vizuri kuliko broshua yoyote.

Kwanza uelewe mnyama mwenyewe. Injini ya gari imelala ndani ya boti, imebanwa karibu na ukuta wa nyuma. Shafti inatoka kwa injini, inapita kwenye tundu la huo ukuta, inashika kiungio cha msalaba kama kile unachokiona chini ya lori, halafu inaingia kwa ule mguu. Ndani ya mguu nguvu inakunjwa mara mbili. Gia za juu zinaigeuza iende chini, na gia za chini, zikiwa ndani ya maji, zinaigeuza tena iende nyuma kwa propela. Mguu wote unageuka kushoto na kulia, kwa hivyo ndio usukani. Pia unainuka, kwa hivyo ukifika kwenye mchanga unaukunja. Ni wazo tamu sana. Lakini hesabu vitu: kona mbili, msalaba, beringi, na mfuko wa mpira wenye mikunjo unaozuia bahari isiingie ndani kupitia lile tundu. Nguvu yote ya V8 inapita kwenye meno machache ya gia unayoweza kuyashika kwa kiganja.

Sasa, nani alifikiria hivi?

Stori inaanza mbali kabisa na bahari, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1939 jamaa mkali sana anayeitwa Carl Kiekhaefer alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Mercury. Walitengeneza injini za kuning'inia nyuma ya boti, kama hizi za Lamu. Kwenye miaka ya 1950 alikuwa na mainjinia wawili vijana, Charlie Strang na Jim Wynne. Strang ndiye alikuwa na lile wazo: chukua injini ya gari, iweke ndani ya boti, kisha ifungie nyuma mguu wa zile injini za kuning'inia. Kiekhaefer hakulitaka. Enyewe ukimwangalia kibiashara unamwelewa. Mtu anayeuza injini za kuning'inia kwa nini azitengenezee mpinzani?

Huyo Kiekhaefer alikuwa na kitu kingine ambacho nataka ukikumbuke mpaka mwisho. Mwaka 1957 alipata ziwa la kufichika Florida, akaliita Lake X, mahali pa kujaribia mashine bila macho ya washindani. Hapo walifunga injini kwenye boti, wakaziendesha usiku na mchana bila kuzima, mafuta yanaongezwa boti ikiwa inakimbia, mpaka zikafika maili 25,000. Ni zaidi ya kuzunguka dunia, tena kwenye ziwa. Kisha wakatangazia dunia nzima kwamba hizi mashine hazifi.

Na hazikufa. Lakini ni ziwa. Liko kimya kama uji uliopoa.

Wynne akaacha kazi. Mwaka 1958 alivuka Atlantiki kutoka Copenhagen hadi New York kwa kiboti kidogo chenye injini mbili za kuning'inia. Huyo si mtu wa kukaa ofisini. Akachukua wazo la draivu ya tezi, akalipeleka kwa Volvo Penta kule Sweden, na mwaka 1959 wakaizindua New York kwa jina la Aquamatic, injini ya nguvu za farasi 80 tu. Haki ya ubunifu ilisajiliwa kwa jina la Wynne, na nani hasa alistahili sifa ikawa mzozo wa miaka mingi, maana Strang alikuwa bado ameajiriwa na mzee Kiekhaefer. Mzee mwenyewe, baada ya kukataa, aligeuka haraka sana alipoona soko. Kufikia 1961 alikuwa na ya kwake, MerCruiser. Tumeona hii movie na kampuni nyingi.

Lakini mtihani wa kweli ulikuwa katikati, mwaka 1960, na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kulikuwa na mashindano ya boti kutoka Miami hadi Nassau, Bahamas, karibu kilomita 300. Pale kati ya Florida na Bahamas kuna mkondo mkubwa wa bahari unaokwenda kaskazini. Upepo ukija kinyume nao, maji yanasimama kama kuta. Mwaka huo mawimbi yalikuwa futi 8 hivi. Boti za zamani zilikuwa na tumbo bapa. Kwenye wimbi kama hilo tumbo bapa linapiga maji kama mtu anayetupa mlango sakafuni, kwa hivyo nahodha hana la kufanya ila kupunguza mwendo.

Dick Bertram alikuja na boti ya mbao inayoitwa Moppie, futi 31, iliyochorwa na Ray Hunt. Tumbo lake lilikuwa kama herufi V kutoka omo hadi tezi, pembe ya nyuzi 24 kila upande. Sam Griffith ndiye aliyeshika usukani. Badala ya kupiga maji, ile boti iliyakata. Wakafika Nassau baada ya saa 8. Wa pili akafika saa mbili baadaye. Wengine waliomaliza wakaingia siku iliyofuata.

Sasa niulize wa pili alikuwa nani.

Jim Wynne. Na kiboti cha futi 24 hivi, tumbo la Hunt lile lile la V, injini mbili ndogo za Volvo, draivu za tezi zilizokuwa sokoni kwa mwaka mmoja tu. Watu husimulia Moppie kwa sababu ilishinda, na Bertram aligeuza umbo lake kuwa boti ya fibaglasi iliyomtajirisha. Mimi namtazama wa pili. Alichukua kitu chake, akakitoa ziwani, akakipeleka mahali ambapo kingevunjika kama ni cha kuvunjika.

Mbona hakikuvunjika? Hapa ndipo nilimwambia mjomba aweke chai chini.

Boti ya mwendo kasi kwenye mawimbi haielei, inaruka. Ikiruka, propela inatoka majini. Sekunde hiyo injini haina mzigo, kwa hivyo inapiga kelele na mizunguko inapanda ghafla. Tuseme ulikuwa kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika, ikaruka hadi 6,000. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye vyuma vinavyozunguka hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo umeongeza zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo, hewani, bila kujua. Halafu boti inatua. Propela inapiga maji, na maji hayapishi. Inajaribu kusimama huku injini inataka kuendelea. Katikati yao kuna nani? Yale meno machache ya gia, ule msalaba, na shafti yenye unene wa kidole gumba chako na kidogo zaidi. Waulize watu wa boda kuhusu cheni. Ukipita tuta kwa mafuta yote, gurudumu la nyuma likaruka, likarudi chini linazunguka kama feni, cheni ndiyo inalipa.

Kiboti cha Wynne kilikuwa chepesi, na kila injini ilikuwa ndogo. Kila kutua kulikuwa kofi, si nyundo. Hilo ndilo jibu langu, na kila kilichotokea baadaye kinalithibitisha.

Maana baadaye watu walilewa nguvu. Don Aronow alikuwa mjenzi wa nyumba kutoka New Jersey aliyehamia Miami, akafungua kampuni za boti moja baada ya nyingine kwenye mtaa mmoja: Formula, Donzi, Magnum, halafu Cigarette. Wynne mwenyewe alimchorea baadhi ya boti za mwanzo. Aronow akawa bingwa wa dunia mwaka 1967 na tena 1969. Ndizo boti ndefu zenye pua kama sindano unazoziona kwenye gemu ya GTA Vice City na kwenye zile filamu za Miami. Wasafirisha unga walizipenda, na serikali ikaja kununua boti kwake ili iwakimbize. Tarehe 3 Februari 1987 alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake, palepale mtaani kwake. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na kwa kweli inawavutia watu kuliko gia, ndio maana hakuna anayezungumza kuhusu gia.

Lakini gia ndizo zilizokuwa zinateseka. Farasi 80 zikawa 300, zikawa 400, zikawa 500 kwa kila injini, na mguu wa nyuma ulibaki na umbo lile lile kwa sababu ukiufanya mnene unakokota maji na boti inapoteza mwendo. Huo ndio mtego wote. Lori ukitaka gia ngumu unaweka gia kubwa. Huku kila milimita ya unene chini ya maji inakula kasi.

Wahandisi walijaribu njia tofauti za kutoroka. Mercury ilijenga draivu ambazo kazi ya kuingiza na kutoa gia inafanywa na giaboksi iliyofungwa kwa injini, ndani ya boti, ili mguu ubaki na kazi moja tu ya kubeba nguvu. Volvo mwaka 1982 ikaleta Duoprop, propela mbili kwenye mguu mmoja zinazozunguka kinyume, mzigo unagawanywa kwa seti mbili za meno, na boti inanyooka. Howard Arneson wa California, jamaa aliyekuwa ametengeneza mashine ya kusafisha vidimbwi vya kuogelea, akasema kwa nini tukunje nguvu kabisa? Akatoa shafti moja kwa moja nyuma ya boti, propela nusu majini nusu hewani, hakuna gia za kona chini ya maji. Kwa bahari mbaya na nguvu kubwa sana, naona ndiye aliyeelewa tatizo kuliko wote. Lakini boti yake inaendeshwa tofauti, kuingia gatini ni kazi, na bei si ya kiinua mgongo.

Na kuna suluhisho lingine halikutoka kiwandani. Kwenye mashindano ya baharini, boti zilianza kuwa na watu wawili mbele: mmoja usukani, mwingine mkono wake uko kwenye mafuta tu. Kazi ya huyo wa pili ni kusoma wimbi, kutoa mafuta boti ikiruka, na kuyarudisha ikishagusa maji. Fikiria hilo. Timu zenye pesa zote za dunia, zenye draivu bora kuliko zote, bado zilimlipia kiti mtu mzima wa kulinda gia.

Kwa hivyo mjomba, turudi kwa video yako.

Muuzaji anasifu V8. Mimi nataka kujua zile draivu zilitengenezewa nguvu gani. Familia ya MerCruiser peke yake ina ngazi. Alpha ni ya injini za wastani. Bravo, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1980, ni ya injini kubwa. Halafu kuna Bravo ya XR yenye gia na shafti ngumu zaidi, ambayo Mercury Racing iliifunga kwa injini zake za farasi 525. Kutoka mbali zinafanana. Rangi moja, umbo moja. Mtu akiondoa injini ya kiwandani akaweka iliyopikwa, akaacha draivu ya zamani, hujanunua mwendo. Umenunua fyuzi.

Tena usisome nambari ya farasi peke yake. Uzito ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Draivu ile ile, injini ile ile, ukiiweka kwenye boti nyepesi, ikitua propela inateleza kidogo na boti inasogea mbele, mshtuko unapungua. Iweke kwenye boti nzito iliyojaa dizeli ya ziada, barafu, fito na wageni sita wenye vitambi, boti haisogei haraka, na gia zinabeba tofauti yote. Nambari ya broshua haikuhesabu barafu yako. Ningekuwa wewe ningechukua draivu ya ngazi moja juu ya ile inayotosha, na injini ndogo kuliko ninayoweza kununua. Najua inauma. Hakuna anayeposti injini ndogo.

Kuna pia urefu ilipofungwa. Watu wa kasi huinua draivu juu ili mguu mdogo ubaki majini. Kwa maji tulivu ni poa. Kwa Kusi, propela iliyo juu inavuta hewa kila dakika, na umesoma kinachofuata. Halafu shika mguu kwa mikono miwili uutikise. Ukicheza kushoto kulia, kwa maili 60 utacheza zaidi, na zikiwa mbili kila moja itataka kwenda kwake. Ndio maana boti za kasi kubwa hufungwa bomba za haidroliki nje na fimbo inayounganisha miguu miwili. Na ule mfuko wa mpira: ukishika ukaona umepasuka kwenye mikunjo, usiende hata kujaribu. Maji yakipita hapo yanakula beringi kwanza, na boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini hakuna mtu ndani.

Mjomba alinyamaza siku nzima. Halafu akauliza swali ambalo ningefaa kulianza nalo: "Na kwa nini Lamu hatuna hizi?"

Ni kweli. Ukitoka Mokowe kwenda Lamu, spidiboti zote zinazokupita zina injini za kuning'inia. Ikiharibika, fundi anaifungua nyuma akiwa amesimama kwenye maji ya magoti, anaibeba kwa watu watatu, anaweka nyingine. Hakuna tundu kwenye ukuta wa nyuma la kuzamisha boti. Ukiegesha unaikunja yote nje ya chumvi. Na kuchekesha ni kwamba Wamarekani wenyewe wamerudi huko. Mwaka 2021 Mercury ilitoa injini ya kuning'inia ya V12 yenye farasi 600, na hata kampuni ya Cigarette siku hizi inauza boti zenye msururu wa injini nyuma, nne, tano. Kiekhaefer angecheka mpaka adondoke. Draivu ya tezi bado ina mambo yake: uzito unakaa chini, nyuma kunabaki wazi kwa wavuvi na waogeleaji, na injini ya gari ni rahisi kupata vipuri hata kwa mtu wa Kilifi. Siisemi vibaya. Nasema ni mashine inayosamehe kidogo kuliko inavyoonekana kwenye video.

Nilimwomba kitu kimoja tu kabla ya kutoa pesa. Apeleke fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, afungue boliti ya chini ya kila draivu, atoe oili kwenye chupa mbili safi. Muuzaji akasema hakuna haja, zimehudumiwa juzi. Mjomba ni mtu wa hoteli, amezoea kusikia "imesafishwa juzi". Akang'ang'ana.

Jumamosi asubuhi ikaja picha. Chupa ya kushoto, oili nyeusi kidogo, ya kawaida. Ya kulia ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na kuchanganyika, na chini yake kuna vumbi la chuma linalometa kama glita. Hapo hakukuwa na haja ya kuuliza maili 70.

Chini ya picha mjomba alikuwa ameandika: "Mpwa, chai ndio hii. Nani anywe?"

Sasa ananiuliza bei ya draivu mbili za XR, na kama zile V8 zinaweza kutolewa ziwekwe ndogo.